Printa ya leza na printa ya wino: kilichomo ndani na kwa nini kila moja huharibika kivyake

Steshenari nyingi zina printa mbili juu ya meza moja. Ya kwanza ni ya leza, ya kutolea barua, mitihani na fomu za maombi. Ya pili ni ya matangi ya wino, yenye vidirisha vinavyoonyesha rangi nne, na kazi yake ni picha za pasipoti, vyeti na kadi za harusi. Mteja anaona karatasi imeingia nyeupe ikatoka na maandishi, basi. Ndani, mashine hizi hazina hata undugu wa mbali. Moja inaishi kwa unga wa plastiki, umeme tuli na joto kali. Nyingine inaishi kwa maji ya rangi na matundu membamba kuliko unywele. Ukijua kipi kimetengenezwa kwa kitu gani, nusu ya kero za printa zinaacha kuwa fumbo, na fundi naye hakudanganyi kirahisi.

Leza inaeleweka upesi ukirudi nyuma hadi tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kupanga huko Astoria, eneo la Queens, New York. Chester Carlson alikuwa mtu wa kushughulikia hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, na kazi hiyo ilimchosha kwa jinsi nakala za nyaraka zilivyohitajika kila siku bila njia rahisi ya kuzipata. Akiwa na msaidizi wake Otto Kornei, mwanafizikia kutoka Austria, alichukua bamba la zinki lililopakwa salfa. Wakiwa gizani walilisugua kwa kitambaa cha pamba mpaka likajaa umeme tuli. Wakaweka juu yake kipande cha kioo kilichoandikwa kwa wino “10-22-38 ASTORIA”, wakalimulika kwa taa kali kwa sekunde chache. Walipoondoa kioo wakanyunyiza unga wa spora za mmea uitwao lycopodium, wakapuliza. Unga ukaruka kila mahali isipokuwa kwenye maandishi. Wakabandika karatasi yenye nta juu yake, wakaihamishia ule unga, wakapasha joto nta ili unga ushike. Ikapatikana nakala ya kwanza ya aina hiyo duniani. Kampuni zaidi ya ishirini zilimkatalia wazo lake kabla Haloid, kampuni ndogo ya Rochester ambayo baadaye ilikuja kuitwa Xerox, haijalichukua.

Hatua hizo ndizo zilizomo ndani ya printa yako ya leza hadi leo: weka chaji, piga mwanga, mwaga unga, hamishia kwenye karatasi, pasha moto. Kilichobadilika ni vitu vinavyotumika kuzitekeleza.

Salfa ya Carlson ilipisha seleniamu, na seleniamu ikapisha utando wa kemikali za kaboni uliopakwa juu ya bomba jembamba la aluminiamu. Bomba hilo ndilo dramu. Sukuma kile kifuniko kidogo cha katriji ya leza, lile kasha la unga linalochomolewa, uione: inang’aa kama imepigwa vanishi, mara nyingi kijani au bluu. Mng’ao huo ni tabaka mbili tatu zenye unene wa jumla wa takriban sehemu 25 za elfu moja ya milimita. Tabaka la ndani lina chembe za rangi zinazozalisha chaji zikipigwa na mwanga. La nje ni plastiki ya polikaboneti iliyochanganywa na kemikali ya kusafirisha chaji hizo. Sifa yake kubwa ni moja: gizani haipitishi umeme, ikimulikwa inaupitisha. Hapo ndipo siri yote ya leza ilipo.

Ndiyo maana dramu haitaki kuachwa juani wala kuguswa na kidole. Mwanga mkali unaichosha, mafuta ya ngozi yanaharibu namna inavyoshika chaji, na mkwaruzo wa kucha tu unaacha alama itakayotoka kwenye kila karatasi mpaka dramu ibadilishwe. Hapa kuna kipimo ambacho fundi mzuri anakitumia bila kufungua chochote. Dramu nyingi za katriji ndogo zina kipenyo cha milimita 24, kwa hiyo mzunguko wake ni karibu milimita 75. Ukiona doa linajirudia kwa umbali huo huo kutoka juu hadi chini, mara tatu au nne kwenye karatasi moja ya A4, mkosaji ni dramu. Doa likijirudia kwa umbali mwingine, mkosaji ni rola nyingine yenye mzunguko wa umbali huo. Chukua rula na upime kabla ya kukubali kununua kitu.

Kile kitambaa cha kusugulia nacho kimepita mikono kadhaa. Printa za zamani zilitumia waya mwembamba wenye umeme wa volti maelfu uliotandazwa juu ya dramu. Waya huo ulizalisha gesi ya ozoni, ndiyo harufu kali ambayo waliofanya kazi na mashine kubwa za fotokopi wanaikumbuka. Printa nyingi ndogo za sasa zina rola laini ya mpira uliochanganywa na kaboni ili upitishe umeme. Inabingirika juu ya dramu na kuipaka chaji hasi ya mamia ya volti, bila harufu ya kusumbua. Rola hiyo ikichafuka, ukurasa unatoka na kivuli cha kijivu hata mahali pasipo na maandishi.

Taa ya Carlson ikawa leza kwa akili ya Gary Starkweather, mhandisi wa Xerox ambaye mwaka 1971 alikuwa na printa ya leza inayofanya kazi katika maabara ya PARC, California. Xerox waliiingiza sokoni kwa umbo la mashine kubwa, 9700, mwaka 1977. Iliyoileta mezani ilikuwa HP LaserJet ya mwaka 1984, iliyouzwa dola 3,495 ikiwa na moyo uliotengenezwa na Canon. Leza yenyewe ni kidude kidogo sana, na mara nyingi mwanga wake ni wa infraredi usioonekana kwa macho. Unapigwa kwenye kioo chenye pande nyingi kinachozunguka kwa kasi kubwa, kila upande ukichora mstari mmoja kuvuka dramu. Palipopigwa mwanga chaji inatoroka, na hapo ndipo unga utakaposhika. Kumbe vumbi likitua kwenye kioo cha boksi la leza, linaziba mwanga, na karatasi inatoka na mstari mweupe wa kwenda chini. Watu wengi wanabadilisha katriji kwa kosa la vumbi.

Sasa unga wenyewe, uitwao tona. Hakuna wino ndani yake. Sehemu kubwa ni plastiki, ama ya jamii ya stairini na akriliki au poliesta, iliyosagwa au kukuzwa kikemikali hadi chembe za upana wa sehemu 5 hadi 10 za elfu moja ya milimita. Weusi wake ni kaboni, yaani masizi ya kiwandani. Ndani kuna nta kidogo ili unga usigande kwenye rola ya moto, kemikali ya kuufanya ushike chaji kwa kiwango kinachotakiwa, na juu ya chembe kuna vumbi la silika la kuufanya utiririke. Tona za katriji nyingi za HP na Canon za rangi nyeusi zina kitu kingine cha ziada, oksidi ya chuma, kwa sababu rola inayoubeba unga ina sumaku ndani yake. Pitisha sumaku karibu na tona ya namna hiyo iliyomwagika uone inavyosimama nywele.

Hapo ndipo mkasa wa kujaza tona unapoanzia. Unga wa printa za Brother hauna haja ya sumaku; unga wa katriji ya HP 12A unaihitaji. Unga mmoja unayeyuka kwa joto hili, mwingine kwa lile. Mwingine umetengenezwa kushika chaji tofauti kabisa. Ukijaza unga usiolingana na mashine, utapata maandishi hafifu, kivuli kila mahali, au maandishi yanayofutika kwa kidole. Tona ya kujaza si mbaya kwa asili yake. Ubaya ni ile chupa isiyo na jina, inayosemekana inafaa printa zote.

Kuna kingine mafundi wa haraka wanakiruka. Unga haushiki karatasi wote. Unaobaki kwenye dramu unakwanguliwa na ulimi wa plastiki laini na kudondokea kwenye chumba cha taka ndani ya katriji ileile. Chumba hicho hakikupimwa kwa ajili ya kujazwa tena na tena. Ukijaza tona mara ya pili na ya tatu bila kumwaga taka, taka inarudi nje na kuchora michirizi. Na unapoimwaga, vaa barakoa na usipulize kwa mdomo. Vumbi la ukubwa huo linaingia ndani kabisa ya mapafu. Likimwagika kwenye nguo, kung’uta na ufue kwa maji baridi. Maji ya moto yanayeyusha plastiki, na doa linakuwa la kudumu.

Chini ya karatasi kuna rola ya sponji nyeusi yenye chaji chanya, inayovuta unga kutoka kwenye dramu kwenda kwenye karatasi. Kazi hii inategemea karatasi kuwa kavu, kwa sababu karatasi yenye unyevu inapitisha umeme na chaji inavuja. Wenye steshenari za Tanga, Mombasa na Unguja wanalijua tatizo hili hata kama hawajaelezwa chanzo: rimu iliyokaa wazi usiku kucha msimu wa mvua inatoa maandishi yenye mabaka, karatasi zinajikunja na kukwama. Funga rimu kwenye mfuko wake. Ni dawa ya bure.

Hatua ya mwisho ni moto. Fyuza, yaani sehemu ya kupashia moto, inapasha karatasi karibu nyuzi 200 za Selisiasi kwa sehemu ya sekunde, huku rola ya mpira wa silikoni ikiibana kwa chini. Plastiki inayeyuka na kuingia kwenye nyuzi za karatasi. Mashine kubwa zina bomba la aluminiamu lililopakwa Teflon, lenye taa ya halojeni ndani. Printa ndogo nyingi hutumia ukanda mwembamba wa plastiki sugu ya poliimidi unaozunguka juu ya kipande cha kauri chenye joto, ndiyo maana ziko tayari kuchapa baada ya sekunde chache. Lakini ukanda huo ni mwembamba sana. Pini moja ya stepla iliyosahaulika kwenye karatasi inatosha kuupasua. Usipitishe pia karatasi ya picha ya printa za wino: mara nyingi imepakwa polithini, ambayo inayeyuka mbali kabisa kabla ya kufika nyuzi 200, na itajisokota kwenye fyuza. Stika nazo ziwe zile zilizoandikwa kwamba ni za leza.

Moto huo una gharama nyingine. Fyuza ikiwaka, printa inavuta wati mia kadhaa kwa mpigo, wakati mwingine karibu 1,000, halafu inashuka, halafu inavuta tena. UPS ndogo ya kompyuta haihimili, na watengenezaji wenyewe wanakataza kuichomeka leza hapo. Printa ya matangi ikiwa kazini hutumia wati kumi na kitu. Mwenye duka anayetegemea sola hana haja ya ushauri mwingine.

Kwa vile maandishi ya leza ni plastiki, maji hayayaogopeshi. Yanachoogopa ni plastiki nyenzake. Weka cheti kilichochapwa kwa leza ndani ya faili laini la PVC, likae kwenye gari juani, na baada ya muda herufi zitakuwa zimehamia kwenye faili. Vilainishi vilivyomo kwenye PVC vinalegeza tona ikanata.

Kuhusu bei, angalia kinachotupwa. Katriji za HP na Canon ndogo zina dramu, rola, ulimi na tona ndani ya kasha moja, kwa hiyo kila ukinunua katriji unanunua karibu nusu ya mashine. Brother wanatenganisha tona na dramu. Kyocera katika printa nyingi za ofisi wanatumia dramu ya kudumu, na kinachobadilishwa mara kwa mara ni kopo la tona tu. Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi, kama 2,000 za 12A au 1,600 za 85A, inapimwa kwa kiwango cha ISO/IEC 19752, na ukurasa wake wa majaribio umefunikwa na weusi kwa takriban asilimia 5. Mtihani wenye michoro na mihuri unavuka hapo kwa mbali, kwa hiyo usimlaumu muuzaji kabla hujatazama unachapa nini.

Tuhamie kwenye wino. Kuna familia mbili, na tofauti yake ni namna tone linavyosukumwa.

Ya kwanza ni ya joto. Mwaka 1977 mtafiti wa Canon, Ichiro Endo, alikuwa maabara wakati pasi ya kulehemu yenye moto ilipogusa sindano ya bomba lililojaa wino. Wino ukaruka kutoka kwenye ncha. HP nao walifika kwenye wazo hilo kwa njia yao, na mwaka 1984 wakatoa ThinkJet. Ndani ya hedi ya namna hii, yaani kichwa cha kurushia wino, nyuma ya kila tundu kuna kipande kidogo cha madini kinachopata joto umeme ukipita. Kwa sehemu chache za milioni moja ya sekunde, kile kiasi kidogo cha wino kinachokigusa kinapanda kupita nyuzi 300, kinakuwa povu, povu linasukuma tone nje. Kisha povu linaporomoka, wino mpya unavutwa. Hili linatokea maelfu ya mara kwa sekunde moja, na kila povu linapoporomoka linagonga ule uso kwa nguvu, ndiyo maana umefunikwa kwa tabaka la tantalamu, madini magumu yasiyoliwa na kemikali. Hata hivyo, muda ukipita wino unaacha ukoko juu yake, kama wa chini ya sufuria ya wali, na joto halifiki tena sawasawa. Wino wenyewe ndio unaopoza hedi. Ukiendelea kuchapa tangi likiwa kavu, unaichoma.

HP walilijibu tatizo hilo kwa kuiweka hedi kwenye katriji: ile bati ndogo yenye vituo vya shaba au dhahabu ndiyo hedi, na inatupwa pamoja na kasha. Canon kwenye printa zao za mfululizo wa G zenye matangi wameiacha hedi kuwa kifaa ambacho mwenye printa anaweza kukinunua na kukichomeka mwenyewe.

Familia ya pili, ya Epson, haichemshi chochote. Inatumia tabia ambayo ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waliigundua mwaka 1880: kuna fuwele ambazo ukizibana zinatoa umeme. Kinyume chake nacho ni kweli, ukizipa umeme zinabadilika umbo kidogo. Kwenye hedi hutumika kauri ya risasi, zirkoni na titani. Umeme unapoipiga inajipinda kiasi kidogo mno, inabana chumba cha wino, tone linatoka. Kwa kuwa hakuna kuungua, hedi inadumu miaka, imefungwa kwenye mashine, na ikifa bei yake inakaribia ya printa nzima.

Hii ndiyo sababu vijana wanaochapa vikombe na fulana wote wanakimbilia Epson, na sidhani kama wengi wameambiwa. Wino wa sabulimesheni umetengenezwa ugeuke gesi ukipashwa joto, kazi inayofanyika kwenye mashine ya kupigia pasi ya nyuzi 180 hadi 200, rangi ikazama ndani ya poliesta. Wino wa namna hiyo hauna kazi ndani ya hedi inayochemsha. Kwenye kauri inayojipinda unapita baridi.

Tone lenyewe ni la pikolita chache. Kwa tone la pikolita 3, mililita moja ya wino inatoa matone zaidi ya milioni 300. Tundu linalolitoa lina upana wa kama theluthi ya unywele. Kitu chembamba hivyo kinazibwa na chochote: vumbi, wino uliokauka, wino wa kampuni mbili uliogandana. Wino mwingi ni maji kwa zaidi ya nusu, pamoja na gliserini au glaikoli ya kuuzuia usikauke upesi, kemikali ya kuufanya utambae, dawa ya kuua ukungu, na rangi. Rangi iko ya aina mbili. Ya kuyeyuka inang’aa kwenye picha lakini inakimbia ikilowa na kupauka juani. Ya chembe hukaa juu ya karatasi, inavumilia maji zaidi, na ndiyo inayowekwa mara nyingi kwenye nyeusi. Kuzichanganya ndani ya tangi moja ni kuomba hedi izibe.

Printa ikiwa imezimwa kwa swichi yake, hedi inarudi pembeni na kukaa juu ya kofia ya mpira inayoifunika isikauke. Ukichomoa umeme ukutani wakati inachapa, hedi inabaki uchi katikati ya reli. Katika mji mkavu na wenye vumbi, wiki moja ya hivyo inatosha kuziba matundu. Kuchapa ukurasa mmoja wa rangi kila baada ya siku chache ni nafuu kuliko kuosha hedi.

Kuosha hedi kuna bei yake. Kila ukibonyeza “clean”, printa inanyonya wino kupitia matundu na kuumwaga kwenye sponji iliyofichwa chini au nyuma ya mashine. Printa haipimi sponji. Inahesabu tu kiasi ilichomwaga, na hesabu ikifika kikomo inagoma, taa zinapepesa zote. Mafundi wana programu ya kuresti inayorudisha hesabu kwenye sifuri kwa dakika moja, na wanalipwa kwa dakika hiyo. Wino uliomo kwenye sponji unabaki palepale. Mwambie afungue, aitoe sponji uione, aibadilishe au aioshe na kuikausha ndipo aresti. Asipofanya hivyo, wino utajaa na kuvuja mezani, mara nyingine ukianzia kwenye sakiti.